Darubini Iliyolala Seli

Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie juu ya kazi yangu, na katika barua yake ameniita mtaalamu wa anga. Nilicheka mpaka mkongojo ukaniponyoka. Wajukuu zangu, mimi Akiru niliajiriwa kufagia. Kazi yangu ya kwanza katika kituo cha kutazamia nyota pale Lodwar ilikuwa kuutoa mchanga nje, na kazi ya upepo ilikuwa kuurudisha ndani. Tulifanya hivyo kwa zamu, mimi na upepo, hadi siku moja nikagundua kwamba waliokuwa wakijua kile kitu kinafunguliwa wapi wote wamehama, na nimebaki mimi.

Kitu chenyewe kilikuwa darubini. Msifikirie zile ndogo ambazo watalii huning'iniza shingoni kule Eliye Springs wakitafuta ndege. Yetu ilikuwa bomba la shaba ya manjano, refu kuliko kitanda chochote cha Lodwar, na kioo cha mbele kilikuwa kipana kama sahani ya wali. Walioitengeneza walikufa kabla babu yangu hajaota meno. Ilikaa vizazi na vizazi juu ya kilima, katika mji mmoja wa Ulaya alikozaliwa Padri Benito. Kisha mji ukajaa taa, nyota zikapotea, na wakubwa wa huko wakaamua kuing'oa ili mahali pake pawe mkahawa. Padri Benito aliwahi kuchungulia humo akiwa mwanafunzi. Aliposikia habari hiyo aliandika barua nyingi sana, na mwishowe wakampa, nadhani ili aache kuandika. Ikaja kwa meli hadi Mombasa, ikapanda hadi Kitale, na kutoka Kitale ikateremka Lodwar ndani ya lori la kabichi. Kabichi zilizungushwa pande zote ili isigongwe. Bomba lilifika salama. Kabichi hazikufika.

Watu walimshangaa Padri. Mama yangu aliniuliza, "Kwa hiyo ametumia miaka yote hiyo kuleta chuma cha kutazamia kitu ambacho sisi tunakiona bure?"

Tulijenga nyumba ya mabati yenye paa la kusukuma, lililotembea juu ya reli kama gari moshi. Mchoro ulikuwa wa Ulaya, na jua lilikuwa la Turkana. Kuanzia saa nne asubuhi mabati yalivimba na paa likakataa kwenda mbele wala nyuma. Mkishika kazi yoyote ya chuma hapa kwetu, acheni nafasi. Chuma nacho kinataka kupumua.

Aliyenifundisha ni Mzee Barasa, fundi wa saa kutoka Kitale. Alikuwa akija kila baada ya miezi michache kuitazama ile mitambo ya magurudumu ya meno inayoigeuza darubini polepole ili ifuate nyota. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kucha safi kuliko za daktari. Siku ya kwanza alinikuta nikipangusa kioo kwa khanga yangu, na hakunipigia kelele. Alikaa chini, akafunika uso wake kwa mikono.

"Mama," alisema hatimaye, "vumbi la hapa ni msasa. Ukipangusa, unakwaruza."

"Basi nisafishe vipi?"

"Kioo hakisuguliwi. Kioo hubembelezwa."

Akanionyesha. Kwanza unapuliza vumbi kwa pampu ya mpira, kamwe si kwa mdomo, maana mdomo una mate hata kwa padri. Halafu maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, yanayouzwa kwenye vituo vya petroli. Halafu pamba, unaiburuta kwa uzito wake yenyewe bila kuibonyeza, na kila pamba inapita mara moja tu na kutupwa. Nilifanya hivyo miaka yote, na kioo kile kiliniheshimu.

Isipokuwa mara moja. Padri alikuwa na kitabu cha maelekezo, na kitabu kilisema vumbi liondolewe kwa brashi ya manyoya ya ngamia. Nikafurahi. Hatimaye wazungu wameandika kitu tulicho nacho! Nikaenda kwa Mzee Lokwang, jirani yetu mwenye ngamia wengi, naye akanikatia manyoya ya mkiani kwa moyo mweupe. Nikayafunga kwenye kijiti na kupiga kioo brashi. Manyoya yale yalikuwa na mafuta, mchanga, na mambo mengine ya mkiani ambayo sitayataja. Kioo kikawa kama kimepakwa samli. Mzee Barasa alipofika alinusa kabla hajaona.

"Kitabu kimesema ngamia," nikajitetea.

"Brashi hiyo hutengenezwa kwa manyoya ya kindi."

"Kindi? Sasa mbona wanaiita ya ngamia?"

"Sijui, mama. Waulize wao."

Kukiosha kulituchukua siku mbili. Someni vitabu, wajukuu zangu, lakini mkisoma muulizeni pia mtu aliyewahi kukosea.

Huyo Mzee Lokwang naye alikuwa na kisa chake na darubini. Alipenda kuzungumza Kiswahili kila alipokaribia kanisa au ofisi ya serikali, hata na sisi wa nyumbani. Asubuhi moja alikuja akasimama mlangoni.

"Ejok," akanisalimu.

"Ejok nooi, mzee."

"Hii jicho kubwa ya Padri inaweza kuona ngamia yangu? Iko ng'ambo ya Turkwel, siku tatu sijaona."

Nikaielekeza darubini nje ya mlango, ng'ambo ya mto, nikatafuta mpaka nikawapata. Nilisahau jambo moja. Darubini ya nyota huonyesha kila kitu kichwa chini miguu juu. Kwa nyota haidhuru, nyota haina miguu. Mzee Lokwang akainama, akaweka jicho. Kisha akapiga ukemi.

"Imekufa! Yote imekufa! Miguu iko juu!"

"Ngoja, mzee, si hivyo..."

Alikuwa ameshafika barabarani. Nilipomfikia nyumbani kwake, wake zake wote wawili walikuwa wameshaanza kulia, na majirani wanaingia na nyuso za msiba. Jioni ngamia walirudi wenyewe, wazima, wakitafuna. Kesho yake akaja na kuniuliza kwa upole kwa nini mali ya kanisa inasema uongo. Nikamweleza. Akafikiri, akageuka, akainama akachungulia kwa kupitia katikati ya miguu yake mwenyewe, na tangu siku hiyo hakuwahi kuitumia kwa namna nyingine yoyote. Wageni walishangaa. Mimi nilizoea.

Lakini nilitaka kuwaambia habari ya kosa langu kubwa.

Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya tisini, Padri Benito alikwenda kwao likizo ndefu na kuniachia ufunguo. Darubini ilibebwa na chuma kizito kilichoizunguka kiunoni, sisi tulikiita tandiko. Nikasikia tandiko linalia kila nikiigeuza. Nikachukua spana nikakaza nati. Likalia tena. Nikachomeka bomba la maji kwenye spana ili nipate nguvu zaidi. Mzee Barasa alikuwa ameniambia mara ngapi! "Chuma cha kumimina ni kama mzee mwenye hasira. Hakipindi, hupasuka." Nikavuta. Kikasema *pa!*, na ufa ukapita kutoka juu hadi chini, mpana kiasi cha kuingiza kucha.

Nilikaa sakafuni. Nilijua nitafukuzwa, lakini si hilo lililoniuma. Padri aliponiachia ufunguo alisema, "Akiru, chombo hiki ni kizee kuliko sisi sote, na hakijawahi kuvunjika." Sasa kimevunjika, mikononi mwa mfagiaji.

Mafundi wa Lodwar walitazama ufa na kutikisa vichwa. Walisema chuma cha namna hiyo ukikilehemu kwa umeme kitapasuka pembeni. Mmoja wao, Mungu ambariki, akaniambia kwamba kambini Kakuma yupo mkimbizi kutoka Juba anayeitwa Lado, zamani alikuwa akitengeneza injini za meli za mtoni, na kwamba amerudishia uhai vinu vya posho vilivyotupwa. Nikajaribu kulivua tandiko nilipeleke peke yake. Nati nyingine zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya miaka mia. Basi ikabidi liende na darubini nzima.

Nikapata lori lililokuwa likipeleka mahindi kambini. Tukaipandisha darubini juu ya magunia, tukaifunika turubai jeusi, na ncha yake ikatokeza nyuma. Kioo nilikichomoa nikakiviringisha kwa blanketi langu na kukipakata ndani ya kabini kama mtoto. Hiyo ndiyo sheria, shikeni: bomba linaweza kusafiri na mahindi, kioo kinasafiri na mtu.

Karibu na Kakuma kulikuwa na kizuizi cha barabarani, na kando yake kituo kidogo cha polisi, chumba cha ofisi na seli moja. Aliyekisimamia alikuwa Sajini Mwakio, mtu wa Taita, mrefu, mpole wa sauti, mwenye kuipenda sheria kama wengine wanavyopenda nyama. Akazunguka lori. Akasimama nyuma. Akaitazama ile ncha, nayo ikamtazama.

"Mama," akasema, "huu ni mzinga."

"Hapana, afande. Ni darubini."

"Ya nini?"

"Ya kutazama nyota."

Akatazama juu. Ilikuwa saa tano asubuhi. "Nyota ziko wapi?"

"Zipo, afande. Hazionekani tu."

"Kwa hiyo umebeba chombo cha kutazama vitu visivyoonekana, kimefunikwa turubai, kinaelekea kambi ya watu waliokimbia vita." Akashusha pumzi. "Mama, hebu jiweke mahali pangu."

Nilijiweka mahali pake, nikaona kweli mimi ni mtu wa kushukiwa. Lakini nilikuwa na njia ya kumthibitishia. Jua lipo! Jua ni nyota. Msije mkatazama jua kwa darubini, wajukuu zangu, mtapofuka kabla hamjasema "loo". Unaweka karatasi nyuma ya tundu la kuchungulia, na picha ya jua inaangukia pale, ya mviringo, pamoja na madoa yake. Nikarudisha kioo mahali pake. Dereva na konstebo mmoja wakaiinua ncha, tukaiegemeza kwenye pipa, nikawaambia wasogee. Nikamwomba Sajini kitu chochote cheupe.

Akaenda akaleta kitabu cha matukio cha kituo. Kabla sijamwonyesha mahali pa kukishika, akakisogeza karibu kabisa na tundu, pale mwanga unapokusanyika uwe kama ncha ya sindano.

Kitabu kikatoa moshi. Kisha tundu. Kisha mwali mdogo, mzuri, wa buluu. Sajini akakitupa chini akakikanyaga kwa buti, na konstebo akakimwagia chai yake.

Wote wanne tukakitazama kitabu.

"Andika," Sajini akamwambia konstebo, akimpa kile kitabu chenye tundu. "Mzinga mmoja. Wa kuchoma."

Sheria ilitaka silaha ifungiwe, na mahali pekee penye kufuli palikuwa seli. Ndani kulikuwa na wanaume wawili waliokamatwa kwa kupigania mkia wa kondoo kwenye harusi. Darubini ilipoingizwa, ikikaa kwa mshazari kutoka pembe hadi pembe, hapakubaki nafasi ya mtu. Basi mahabusu wale wakatolewa nje, na kwa kuwa hawakuwa na shughuli nyingine, Sajini akawapa kazi ya kulinda mlango. Walilinda vizuri sana. Mimi sikutiwa ndani, ila nilikataa kuondoka, nikatandika blanketi langu barazani. Jioni chakula kikaletwa kwa kufuata idadi ya washukiwa walioandikwa kitabuni, nao walikuwa watatu. Konstebo akawapa wale wawili sahani zao, kisha akafungua seli, akaiweka sahani ya tatu ya mahindi na maharagwe mbele ya darubini, akafunga. Asubuhi aliikuta imejaa vilevile, akaonekana kuhuzunika. Nikaila mimi, kwa niaba yake.

Mpaka hapo mnacheka, na mimi nacheka. Lakini sikilizeni kilichofuata.

Dereva wa lori alikuwa ameendelea na safari, akafika kambini, akasimulia. Hakuwa na nia mbaya. Alisema kuna mzinga umekamatwa barabarani. Alipomaliza kushusha mahindi mizinga ilikuwa mitatu. Kulipopambazuka, nyuma ya mizinga kulikuwa na askari, na nyuma ya askari ndege. Kakuma ile ya miaka hiyo, vijana wangu, ilikuwa ya watu waliotembea kwa miguu kutoka Sudan ya Kusini, wakizika watu njiani. Hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Nilikuwa barazani nanawa uso nilipowaona wakipita. Mama mmoja mrefu, mwembamba, mwenye sufuria kichwani na furushi mgongoni, na watoto wawili wamemshika khanga, huku na huku. Baadaye nilijua anaitwa Rebeka. Nyuma yake watu wengine, wachache wachache. Hawakukimbia wala kulia. Walitembea kama watu wanaojua safari ilivyo ndefu.

"Mama, mnakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Lodwar," akajibu bila kusimama. "Mzinga imekuja."

"Lakini huo mzinga umetoka Lodwar!"

Hapo akasimama, akanitazama kama unavyomtazama mtoto mjinga. "Ndiyo. Kama imetoka Lodwar, basi Lodwar hakuna mzinga tena."

Nilitaka kucheka, nikamwona mtoto wake mdogo. Alikuwa amevaa nguo zake zote, moja juu ya nyingine, katika jua lile, kwa sababu nguo uliyovaa huhitaji kuibeba. Nikasema moyoni, Akiru, bomba lako la maji kwenye spana limemvika mtoto huyu magauni matatu.

"Si mzinga," nikamwambia. "Naapa. Mimi ndiye nimeleta. Ni darubini."

"Mimi naona mzinga zamani," akasema Rebeka. "Kijiji yangu ilikuwa na kanisa. Asubuhi iko, jioni hakuna. Usiniambie."

Wakati huo akatokea mtu mnene mwenye sanduku la zana begani, akija upande ule ambao wengine wote walikuwa wanaukimbia. Alikuwa Lado. Nilikuwa nimemtumia salamu kwa dereva kwamba naleta kazi, na habari ya mizinga mitatu haikumzuia, maana, alivyoniambia baadaye, hajawahi kuona jeshi linalomtumia salamu fundi. Akamsalimu Sajini, akaomba kumwona mshukiwa.

Akaingia seli, akaigonga shaba kwa kidole, akasikiliza. "Afande," akasema, "hii shaba nyembamba kama sinia. Ukipiga risasi humu ndani, anayekufa ni wewe mpigaji. Mzinga hauna kioo mbele. Kalas, basi."

"Na moto uliochoma kitabu cha serikali?"

Lado akanigeukia mimi. Nami nilikuwa nimechoka kueleza. Sajini alisema atasubiri amri kutoka juu, na kwa njia ya redio yao amri ingeweza kuchukua wiki. Barabarani watu waliendelea kupita. Wengine walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha migunga upande wa pili, wakikitazama kituo, wakingoja kujua kama wakimbie zaidi. Tukaketi hivyo hadi alasiri.

Lado ndiye aliyeinua macho. Mashariki, juu ya vilima, mwezi ulikuwa umechomoza, nusu, mweupe kama kipande cha ganda la yai la mbuni.

"Sajini, ile pale juu ni nini?"

"Mwezi."

"Unaonekana?"

"Unaonekana."

"Basi mama huyu atakuonyesha kitu kinachoonekana."

Sajini Mwakio akautazama mwezi, akaitazama seli. Kisha akasema kwamba kifungu cha kuchunguza kielelezo kinaruhusu. Wale mahabusu wawili wakaibeba darubini nje. Lado akalifunga tandiko lililopasuka kwa mnyororo, tukaliegemeza juu ya meza ya ofisi na magunia ya mchanga. Nikapuliza kioo kwa pampu, nikautafuta mwezi. Darubini kubwa huona mahali padogo, ni kama kutafuta mbuzi mmoja kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Nikaupata.

"Karibu, afande."

Akavua kofia. Akainama. Akakaa hivyo hadi konstebo akaanza kukohoa. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika, na sauti yake ya upole ikawa ya chini zaidi.

"Nani amefanya vile?"

"Nini, afande?"

"Yale mashimo. Umejaa mashimo."

Rebeka alikuwa ameshavuka barabara. Sijui ni lini. Alimpa mtoto mkubwa sufuria, akamsogeza Sajini pembeni kwa mkono, kama mtu asogezavyo pazia, naye akatazama. Watu walimfuata nyuma yake wakasimama, mamia sasa. Alitazama. Nilimwona mgongo ukikakamaa.

"Huko pia wamepiga," akasema.

Watu wakaguna. Lado akasogea, akazungumza naye kwa Kiarabu cha Juba, taratibu, kisha akanigeuzia kwa Kiswahili. "Nimemwambia ni mawe yalianguka kutoka juu, zamani sana. Hakuna mtu anaishi kule."

"Hakuna mtu?" Rebeka akauliza.

"Hakuna."

"Basi nani alikimbia?"

"Hakuna aliyekimbia, mama."

Akainama tena. Alipoinuka aligeukia watu, akawaambia kwa lugha yao kitu kirefu, na Lado akanitafsiria mwisho wake tu: "Anasema ameyaona mashimo, ni mengi, lakini hakuna aliyekimbia, kwa hiyo si vita." Kisha akachuchumaa mbele ya mtoto wake mdogo akamvua gauni moja. Halafu la pili.

Baada ya hapo palikuwa na foleni. Sijawahi kuona foleni kama ile, hata ya mahindi. Ilizunguka kituo mara mbili. Sajini aliisimamia mwenyewe akipaza sauti, "Dakika moja! Mmoja mmoja!", na kila baada ya watu kadhaa aliingia mbele kuhakikisha usalama wa kielelezo. Nilimhesabia ukaguzi sita. Mchungaji mmoja alitaka kuomba kabla ya kutazama, akaambiwa aombe akiwa ameshatazama, foleni ni ndefu.

Kuachiwa kwa darubini hakukuwa rahisi. Kitabu hakifutwi, Sajini alisema. Mshukiwa akiandikwa ana njia mbili tu, mahakamani au dhamana. Akatafuta watu wa kuidhamini darubini, watu wanaoifahamu tabia yake. Wale mahabusu wawili wakajitokeza.

"Tumeilinda usiku mzima," alisema mmoja. "Ni mtulivu. Haikoromi."

Wakaweka vidole gumba. Sajini akaandika sharti: mshukiwa ataripoti kituoni kila mwezi. Akasimamisha kalamu, akatazama juu. "Siku ambayo mwezi uko nusu," akaongeza, akapiga mstari chini yake.

Lado alizikata nati zenye kutu akalivua tandiko, akalitengeneza kwa siku tatu. Hakutumia umeme. Alijenga tanuru la mkaa kulizunguka, akalipasha joto polepole hadi likaiva lote sawasawa, kisha akajaza ufa kwa shaba iliyoyeyuka, akalifukia kwenye majivu lipoe usiku na mchana. Chuma cha kumimina kinauawa na haraka, iwe ya kukitia joto au ya kukipoza. Nilimuuliza shaba ameipata wapi. Akanionyesha kopo lililojaa maganda ya risasi aliyookota porini.

"Usimwambie Sajini," akasema.

Padri Benito aliporudi nilimpeleka moja kwa moja kwenye darubini, nikamweleza yote kuanzia bomba la maji. Ufunguo nilikuwa nimeushika mkononi tayari kumrudishia. Akapitisha kidole juu ya lile kovu la manjano. Akaniuliza walitazama watu wangapi siku ile. Nikamwambia sikujua, foleni ilizunguka kituo mara mbili.

"Nilipokuwa mwanafunzi," akasema, "nilikuwa mlinzi wa mlango pale kilimani mwaka mzima. Walikuja watu kumi na mmoja. Wawili walikuwa wamepotea njia." Akanisukumia mkono wenye ufunguo. "Tunaripoti lini?"

Basi tukaripoti. Kila mwezi ukifika nusu tuliipakia kwenye gari la Padri, tukaipeleka Kakuma mbele ya Sajini Mwakio, naye akaweka alama kitabuni, karibu na lile tundu. Watu walikuwa wanatungoja tayari wamepanga mstari, wenyeji na wakimbizi, na Mzee Lokwang siku aliyoomba lifti, ameinama katikati ya miguu yake. Lakini hakuna aliyethubutu kutazama kabla ya Rebeka. Hatukupanga hivyo, ilikuwa tu. Aliwaacha watoto pembeni, akaja mbele, akainama, akaupitia mwezi wote kutoka ukingo hadi ukingo, shimo kwa shimo, bila haraka, na Sajini hakumwambia dakika moja. Kisha alijinyoosha akawageukia watu waliokuwa wakimngoja.

"Hakuna mpya," aliwaambia. "Ni yale ya zamani tu."

Na ndipo foleni ilipoanza kusogea.